Singa Ndefu za Farasi wa Kiarabu: Mwongozo wa Kuamua Urefu na Kuzitunza

Singa za shingoni na za mkiani ni sehemu ya farasi wa Kiarabu inayovuta macho mapema na kuzua ubishi mwingi. Wako wanaosema zisiguswe na mkasi hata kidogo, wako wanaozirefusha mpaka ziburure chini, na wako wanaozipunguza ili farasi apate hewa anapokimbia. Kila upande una hoja yake, lakini hoja hizo hazipimiki bila kujua kwanza singa zimeumbwaje, zina kazi gani, na farasi mwenyewe anatumika wapi. Urefu unaofaa ni ule unaomwacha farasi na kinga yake na kumwezesha kufanya kazi yake bila adha.

Umbile na kazi ya singa

Singa za shingoni huota kwenye ukingo wa juu wa shingo, kuanzia nyuma ya masikio hadi karibu na mabega. Fungu linaloangukia usoni kati ya masikio huitwa hapa singa za paji. Za mkiani huota kwenye shina la mkia, yaani ile sehemu yenye mifupa, misuli na mishipa ya damu. Chini ya shina hilo ni nywele tupu. Tofauti hii ya shina na nywele ni ya kukumbukwa kila mara, kwa sababu madhara makubwa ya kufunga na kusuka hutokea pale mtu anapolifanyia shina kile kinachoruhusiwa kwa nywele.

Singa hazipukutiki kwa msimu kama manyoya mafupi ya mwili. Hukua polepole, takriban sentimita 2 kwa mwezi. Kwa kasi hiyo, mkia wenye nywele za sentimita 90 unahitaji karibu miaka 4 ya kukua bila kukatika. Kwa hiyo urefu wa mkia hutegemea vitu viwili: kasi ya kukua, ambayo hurithiwa na kusaidiwa na lishe, na kiasi cha nywele zinazokatika njiani. Mtunzaji hana uwezo mkubwa juu ya hicho cha kwanza. Kazi yake kubwa ni kuzuia kukatika.

Kwa farasi wa Kiarabu, unywele mmoja mmoja kwa kawaida ni mwembamba, laini na wenye kung'aa. Singa zake za shingoni mara nyingi si nene kama za farasi wa Friesland au wa Andalusia. Ulaini huo ni uzuri, lakini pia ni udhaifu, maana unywele mwembamba hufungana upesi na hukatika kwa kuvutwa kidogo tu.

Kazi za singa zinaonekana kwa yeyote anayekaa kando ya zizi mchana wa jua. Mkia hufukuza nzi na mbu ubavuni, tumboni na miguuni. Singa za paji hutikisika kila kichwa kinapotingishwa na kuwaondoa nzi machoni. Za shingoni hukinga ngozi dhidi ya jua na baridi, na mvua huteremka juu yake badala ya kuingia moja kwa moja kwenye manyoya. Mkia pia ni kauli ya farasi: akiubana ana hofu, baridi au maumivu, akiupigapiga bila nzi anakereka, akiuinua anapokimbia amechangamka.

Maoni makuu na hoja zake

Maoni ya kwanza ni ya mapokeo ya Kiislamu na ya Waarabu wafugaji. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa hadithi inayokataza kukata singa za farasi za paji, za shingo na za mkia, na inataja sababu: mkia ni chombo chake cha kufukuzia nzi, singa za shingo ni joto lake, na kheri imefungamana na paji lake. Hadithi mashuhuri zaidi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inasema pia kwamba kheri imefungamana na mapaji ya farasi mpaka Siku ya Kiyama. Sababu mbili kati ya zile tatu zinahusu raha ya mnyama mwenyewe, hata mtu anayetafuta hoja ya ufugaji peke yake anazikuta zimetajwa wazi.

Ulaya ilichelewa kulifikia jambo hilo. Kwa muda mrefu farasi wa kukokota mikokoteni walikatwa shina la mkia ili mkia usinaswe kwenye hatamu, na baadaye ikawa mtindo tu. Uingereza ilipiga marufuku ukataji huo kwa sheria ya mwaka 1949. Baadaye kinga ikaenea hadi kwenye nywele nyingine: kuanzia tarehe 1 Julai 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, halimruhusu kushindana farasi aliyenyolewa nywele ndefu za hisia zilizo kuzunguka mdomo na macho.

Maoni ya pili ni ya watu wa maonyesho. Huko Marekani, katika madaraja mengi ya farasi wa Kiarabu, mnyama huonyeshwa akiwa na singa ndefu za asili zisizosukwa, na wamiliki wengi huhesabu kila sentimita kuwa faida. Hoja yao ni kwamba singa ndefu hufuata mwendo, humfanya farasi aonekane mwepesi, na huonyesha kwamba ametunzwa kwa miaka. Hoja ya mwisho ni ya kweli. Hata hivyo, mfumo wa alama unaotumika sana katika maonyesho ya Ulaya na Ghuba hupima aina, kichwa na shingo, mwili na mstari wa mgongo, miguu, na mwendo. Singa hazina fungu lake la alama. Huweza kupendeza macho ya mwamuzi, lakini haziwezi kuficha mguu uliopinda.

Maoni ya tatu ni ya wapandaji wa masafa marefu, mchezo ambao farasi wa Kiarabu wameutawala kuliko aina nyingine yoyote. Mashindano ya Tevis Cup huko California, yaliyoanza mwaka 1955, humtaka farasi apite kilomita 160 za milima na makorongo ndani ya siku moja. Katika safari ya namna hiyo joto la mwili ndilo adui. Shingo hutoa jasho jingi na ina mishipa mikubwa ya damu karibu na ngozi, hivyo ni mahali pazuri pa kumpoza farasi kwa maji. Singa ndefu zilizolala juu yake huzuia hewa na kushika joto. Ndiyo maana wapandaji wengi huzisuka au kuzipunguza.

Maoni ya nne husikika zaidi sokoni: kwamba singa ndefu ni dalili ya damu safi. Hayana msingi. Singa nene na ndefu zipo kwa farasi wengi wasio na uhusiano wa karibu na Waarabu, na farasi wa Kiarabu mwenye nasaba iliyoandikwa vizazi kwa vizazi anaweza kuwa na singa chache. Kilichothaminiwa zaidi tangu zamani ni namna mkia unavyobebwa. Hekaya ya ukoo wa Abayyan, mmoja wa koo tano mashuhuri za farasi wa Kiarabu, husimulia juu ya farasi jike aliyekimbia mno hata joho la mpandaji likamtoka mabegani, likanaswa na mkia ulioinuliwa, na kubaki hapo mpaka mwisho wa safari. Ni hekaya, lakini inaonyesha macho ya wafugaji yalitazama wapi. Mkia wa juu hutokana na kiuno kilicho sawa, mahali shina linapoanzia, na uchangamfu wa mnyama. Wapo washindani wasio waaminifu waliojaribu kuulazimisha kwa kumtia farasi tangawizi njia ya haja kubwa ili awashwe na kuinua mkia. Huo ni ukatili, na umepigwa marufuku kwenye maonyesho.

Kuchagua urefu kwa kazi na mahali

Farasi anayekaa malishoni muda mwingi aachiwe singa za paji na za mkia kwa wingi wake wote, kwa kuwa hizo ndizo silaha zake dhidi ya nzi. Mkia uishie kati ya goti la nyuma na kifundo cha juu ya ukwato. Ukizidi hapo huokota matope, miiba na mbegu zenye ndoano.

Farasi wa maonyesho anaweza kuachwa na mkia unaofika chini, mradi alazwe mahali safi na mkia uhifadhiwe nje ya siku za maonyesho. Mkia unaoburura una hatari moja ya wazi: farasi anaporudi nyuma au kuinuka baada ya kulala huukanyaga na kung'oa fungu zima kwa mara moja. Kwa hiyo urefu wa vitendo ni sentimita chache juu ya ardhi.

Farasi wa masafa marefu abaki na singa zake lakini zisukwe kabla ya safari. Kuzikata kabisa kunafaa pale tu joto la mahali ni kali, mafunzo ni ya kila siku, na wamiliki hawana muda wa kusuka. Hata hapo, singa za paji zibakizwe.

Farasi anayeshindana katika mchezo wa madaha au wa kuruka viunzi huhitaji singa nadhifu zisizoingia mikononi mwa mpandaji. Msuko unaofuata ukingo wa shingo hutimiza hilo bila kupoteza urefu. Kanuni za kila shindano zisomwe mapema, maana msuko unaoruhusiwa katika daraja moja huweza kukatazwa katika jingine.

Lishe

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na keratini huhitaji asidi amino zenye salfa, hasa methionini, pamoja na madini ya zinki na shaba. Majani mazuri, hei isiyovunda na chumvi ya kulamba yenye madini huwatosha farasi wengi. Mbegu za kitani huongeza mng'ao kwa mafuta yake. Bayotini imethibitika zaidi kwa kwato, ingawa watunzaji wengi huitoa pia kwa ajili ya singa. Matokeo ya lishe yoyote hayaonekani mapema: sehemu iliyokwisha kuota haibadiliki, na sehemu mpya ni sentimita 2 tu kila mwezi.

Kuna malisho mawili ya kuogopwa. La kwanza ni lukina, mti wa jamii ya mikunde ambao umepandwa sana Afrika Mashariki kwa ajili ya kulisha ng'ombe na mbuzi. Majani na mbegu zake zina sumu ya mimosini, ambayo humfanya farasi apukutike singa za shingo na mkia. Tumbo la ng'ombe linaweza kuwa na vijidudu vya kuivunja sumu hiyo. Farasi hana kinga hiyo. Farasi wasifungwe karibu na ua wa lukina wala wasichanganyiwe majani yake kwenye hori. La pili ni seleniamu iliyozidi. Madini haya yanahitajika kwa kiasi kidogo sana, na yakizidi husababisha singa kukatika na kwato kupasuka. Virutubisho viwili vyenye seleniamu visitolewe pamoja bila daktari wa mifugo kupima damu.

Kuchana na kuosha

Mkia haupaswi kuchanwa kila siku. Kila burashi inapopita huondoka na nywele kadhaa, na hasara hiyo hujumlika. Mara moja kwa wiki inatosha kwa farasi asiye na miiba wala matope.

Mtunzaji asimame ubavuni mwa paja la farasi, si nyuma yake. Mkia uvutwe kwa upole upande wake, kisha vijiti na mbegu vitolewe kwa vidole. Singa zipuliziwe maji yenye kilainishi au mafuta ya kuteleza, zisichanwe zikiwa kavu. Fungu dogo lishikwe kwa mkono mmoja juu ya fundo ili mvuto usifike kwenye ngozi, na mkono wa pili ufungue kuanzia nchani, ukipanda kidogo kidogo. Fundo gumu ligawanywe kwa vidole unywele kwa unywele. Kitana chenye meno mapana kitumike mwishoni, baada ya vidole kupita bila kukwama.

Kuosha kufanywe kila baada ya wiki kadhaa, au kabla ya maonyesho. Sabuni iwe laini, isuguliwe hadi kwenye ngozi ya shina la mkia na ukingo wa shingo, kisha isuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Mabaki ya sabuni huwasha, na farasi anayewashwa hujisugua ukutani na kuvunja singa zilizotunzwa mwaka mzima. Mikia myeupe yenye madoa ya mkojo husafishwa kwa shampuu yenye rangi ya samawati au zambarau, ambayo hufifisha umanjano. Mafuta ya kuteleza yenye silikoni yasifike mgongoni wala mahali mpandaji anaposhika, kwa sababu tandiko na mikono vitateleza. Mafuta ya nazi yanafaa nchani kwa kiasi kidogo; yakizidi hushika vumbi.

Kupaka hina kwenye singa na mikia ni desturi ya zamani katika nchi za Uarabuni na Bara Hindi. Hina safi ya majani haina tatizo kwa farasi wengi, lakini ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo. Piko na hina nyeusi zenye kemikali ya PPD zisitumike kabisa. Ngozi ya mwanadamu huweza kuungua na kutoka malengelenge kwa rangi hizo, na farasi hawezi kusema anapoanza kuwashwa.

Kusuka na kuhifadhi

Singa za shingoni zigawanywe katika mafungu manane hadi kumi, na kila fungu lisukwe kwa vifungu vitatu. Msuko uanze kwa kulegea: kidole kiweze kupita kati ya fundo la kwanza na ngozi. Baada ya kusuka, farasi apewe majani chini ili ainamishe shingo. Ngozi ikivutika au akikataa kuinama, misuko imebana na ifunguliwe. Misuko hii ifunguliwe, ichanwe na kusukwa upya kila baada ya siku 7 hadi 10.

Msuko mmoja unaofuata ukingo wa shingo, ukiongezewa nywele kila hatua kuelekea mabegani, hupendeza na hufaa safarini. Huo huvuta zaidi, kwa hiyo ni wa saa chache tu.

Mkia usukwe kuanzia chini ya ncha ya shina. Ncha hiyo hutafutwa kwa kuupapasa mkia hadi kiungo cha mwisho cha mfupa kinapoisha. Msuko ukamilike, upenyezwe kwenye mfuko mwepesi wa pamba, na mfuko ufungwe kwa kupitishwa ndani ya msuko wenyewe. Kamba, mpira au bandeji visikazwe kuzunguka shina. Bandeji iliyobana hukata mzunguko wa damu, na kuna farasi waliopoteza sehemu ya mkia kwa sababu ya bandeji iliyosahaulika usiku mmoja.

Mkia uliomo mfukoni haufukuzi nzi. Wakati wa nzi wengi mfuko uvuliwe, au ushonewe vipande virefu vya kitambaa vya kufanya kazi hiyo. Watoto wa farasi na farasi wenye njaa ya majani hutafuna mikia ya wenzao, na dawa ya kwanza ni kuongeza majani ya kutosha.

Kukata

Farasi wa Kiarabu huinua mkia anapotembea, hivyo mkia unaokatwa ukiwa umening'inia huonekana mfupi mno anapoondoka. Msaidizi aweke mkono wake chini ya shina na kuliinua kiasi farasi anavyolibeba mwenyewe. Ndipo urefu upimwe na kukatwa kwa hadhari, kidogo kuliko inavyodhaniwa kutosha. Kwa mapokeo ya aina hii ncha haikatwi mstari mmoja ulionyooka. Mkasi huelekezwa wima ili nywele zipungue kwa asili.

Nyuma ya masikio hunyolewa nafasi ndogo ya kupitisha mkanda wa hatamu. Kipimo cha kawaida ni urefu wa sikio likilazwa nyuma. Huko Marekani watu wa maonyesho hunyoa zaidi ya hapo ili koo na mwanzo wa shingo vionekane. Anayetaka kubadili mtindo baadaye ajue kwamba singa zilizonyolewa husimama wima kwa miezi mingi kabla ya kulala.

Imani kwamba kunyoa huzidisha unene haina ukweli. Idadi ya nywele hutegemea vishina vilivyo ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko.

Dalili za kuangalia

Singa zinazopungua ghafla huwa na sababu. Farasi anayesugua shina la mkia kwenye nguzo huenda ana minyoo ya haja kubwa, ambayo jike wake hutoka kutaga mayai chini ya mkia. Daktari huthibitisha kwa utepe wa gundi unaobandikwa hapo asubuhi na kutazamwa kwa hadubini. Anayesugua shingo na mkia pamoja, hasa msimu wa mvua, huenda ana mzio wa visubi. Wadudu hao huuma zaidi jioni na alfajiri, kwa hiyo farasi aingizwe bandani saa hizo na feni iwashwe, maana visubi hushindwa kuruka kwenye upepo. Kinga hiyo ina faida ya pili: visubi ndio wanaoeneza virusi vya ugonjwa wa farasi unaoua katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara. Chawa na kupe hukaa kwenye mizizi ya singa za shingoni, na hupatikana kwa kuzigawa kwa vidole.

Farasi wa Kiarabu wengi ni wa kijivu, yaani huzaliwa na rangi ya giza na kuwa weupe kadiri umri unavyosonga. Hao hupata sana melanoma, uvimbe wa seli za rangi, na walio wengi kati ya waliopita miaka 15 huwa nao. Mahali pa kawaida ni chini ya shina la mkia na kuzunguka njia ya haja kubwa, ambapo singa ndefu huuficha. Kila mkia unapochanwa uinuliwe, ngozi ya chini ipapaswe, na vinundu vyeusi vigumu viandikwe ukubwa wake. Vikikua, vikipasuka au vikizuia haja, daktari wa mifugo aitwe bila kusubiri.